Mikato ya Mama Atu

Jumanne hii, tarehe 30 Juni 2026, Bi. Atuganile Mwasongole anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya Kalamu Tatu kwa miaka thelathini kamili, bila kupungua hata siku moja. Aliingia Jumatatu, tarehe 1 Julai 1996, akiwa na mkoba mmoja na taipureta ya kuazima. Anatoka na mikoba minne, na taipureta hajairudisha. Mwenye nayo ajitokeze leo, maana kesho hatampata tena.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kupanda ngazi zetu, Kalamu Tatu ni ofisi ndogo hapa Berea, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Tunaandika na kutafsiri barua kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kwa ajili ya watu waliofika Durban wakitokea Kigoma, Bukavu, Bujumbura, Kisumu na kwingineko. Mtu akitaka kumwandikia mchungaji wa kwao, kumpa pole shangazi aliyefiwa, au kuposa, anakuja kwetu. Na kwa miaka thelathini, mtu huyo akifika juu anahema, alikuwa anamkuta Mama Atu. Sote tunamwita hivyo, wakiwemo wateja waliomzidi umri.

Mama Atu ni mzaliwa wa Tukuyu, na kabla ya kuja huku alifundisha Kiswahili shule ya msingi. Ualimu haukumtoka. Anaamini kwa dhati kwamba ugomvi mwingi wa duniani umeletwa na watu wasioweka mkato mahali pake. Bango la duka la miwani pale chini limeandikwa upya mara tatu kwa sababu yake, na mwenye duka hajui hata neno moja la Kiswahili. Alichoka tu kumwona amesimama mlangoni akitikisa kichwa.

Mimi ninayeandika haya ni Zilpah Kerubo, wa kompyuta na mapokezi. Niliajiriwa Mei 2022, na kipindi changu cha majaribio kilikuwa miezi sita. Nilikuwa na cheti cha kompyuta nilichokipata Westville, na kwenye usaili niliulizwa kama najua programu za kompyuta nikajibu kwamba hakuna nisiyoijua. Msomaji alishike hilo neno, tutalirudia.

Julai mwaka huohuo mikono ya Mama Atu ilikataa kazi. Baridi yabisi ilikuwa imemnyemelea miaka mingi, na kipupwe kile ilimkamata vidole vyote kumi, havikunjiki wala havinyooki vizuri. Barua aliyokuwa akiiandika kwa dakika ishirini ikawa inamchukua asubuhi nzima. Mkurugenzi wetu, Bwana Cyprian, ni mtu mpole ambaye hata akikukaripia unadhani anakuombea. Alimwita ofisini, akamwambia taratibu kwamba labda wakati wa kupumzika umefika. Mama Atu akamjibu kwamba wakati wake wa kupumzika ni tarehe 30 Juni 2026, ameshauandika kwenye kalenda ambayo haijachapishwa bado. Watu wa kwao alikuwa amewaahidi kwamba atarudi akiwa amemaliza, si akiwa ameshindwa. Alibakiza miaka minne. Bwana Cyprian akakuna kichwa, akampa miezi mitatu ajaribu programu ya imla, ile ambayo mtu anasema na kompyuta inaandika. Ikishindikana, aage. Na wa kumfundisha nikawa mimi, kwa kuwa hakuna programu nisiyoijua.

Somo la kwanza lilikwenda vibaya tangu sentensi ya kwanza. Nilimwambia kwamba kabla ya kusema lolote tutajifunza mikato ya kibodi. Nilimaanisha njia za mkato, yaani vile vitufe unavyobonyeza ili kipaza sauti kiwake au kizime bila kuhangaika na kipanya. Mama Atu aliweka kalamu chini. Akasema yeye ameweka mikato kwenye barua za watu kwa miaka ishirini na sita, ameifundisha kwa miaka mingine tisa, na kama kuna mikato mipya imeletwa na serikali angeomba kuuona waraka. Ilituchukua nusu saa kuelewana. Hata baada ya kuelewana hakuridhika, akasema neno moja halipaswi kufanya kazi mbili wakati kuna watu hawana kazi.

Programu ilikuja na mkato wa kubonyeza vitufe vitatu kwa mpigo: Kontroli, Shifti na D. Kwa vidole vyake, hilo lilikuwa sawa na kumwambia acheze piano. Mimi nikasema haiwezekani kubadilishwa, programu ndivyo ilivyo. Nilisema kwa uhakika mkubwa. Basi tukagawana. Grâce, mwenzetu wa Kifaransa kutoka Bukavu, alishika Kontroli. Mimi nikashika Shifti. Mama Atu akapewa D, kwa sababu majaribio yalikuwa yake na ilifaa aonekane anabonyeza kitu. Tulihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, tukabonyeza kwa pamoja, kipaza sauti kikawaka. Kuzima nako vilevile. Grâce akienda kununua mkate, barua zinasimama. Nikienda chooni, barua zinasimama.

Tuliendelea hivyo wiki mbili nzima, mpaka mteja mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, kijana wa Burundi anayeitwa Nduwimana, mpakiaji wa maghala ya Clairwood, akauliza kwa adabu kwa nini mtu mmoja mwenye mikono miwili mizima asishike Kontroli na Shifti zote mbili. Grâce akasema eish, huyu kijana iko na akili. Kuanzia siku hiyo tukawa tunabonyeza wawili, nasi tukajiona tumepiga hatua.

Shida iliyobaki ilikuwa wageni. Mama Atu ni mtu wa kuamkiwa. Hakuna anayeingia mlangoni kwetu bila kumpa shikamoo, naye hawezi kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani eti kwa sababu ya mashine. Kwa kuwa kipaza sauti hakizimiki bila mkutano, barua zikawa zinatoka na heshima zote za siku hiyo. Barua moja ya rambirambi kwa familia ya Uvira ilisema kwamba tumeupokea msiba huu kwa majonzi makubwa marahaba hujambo watoto hawajambo karibu kiti. Bahati nzuri Mama Atu husoma kila barua mara mbili kabla haijatoka, akaifuta. Nakala ninayo nyumbani.

Septemba, Nduwimana alirudi kwa shughuli yake mwenyewe. Alikuwa amempata mchumba, Clementina, binti wa Kigoma, na alitaka barua ya posa. Barua hiyo ingetumwa kwa mjomba wa Nduwimana aliyekuwa Kigoma, mjomba aichapishe, aifunge kwenye bahasha na kitambaa cha maua, aipeleke kwa baba wa binti. Ukoo wa Clementina ulikuwa tayari na wasiwasi na kijana wa mbali asiyejulikana, kwa hiyo barua ndiyo ingesema yeye ni mtu wa namna gani. Nduwimana alilieleza jambo hilo akiwa amevua kofia. Mama Atu akaandaa maneno yote kwenye karatasi, kwa mwandiko wake wa taabu, ili ayasome kwenye kipaza sauti siku ya pili.

Siku ya pili alikuwa na miadi ya kliniki. Barua ilitakiwa kutoka siku hiyohiyo. Na sasa naomba niseme jambo ambalo sijalisema kwa miaka minne, nalisema leo kwa kuwa Bwana Cyprian hawezi kunifukuza mbele ya keki. Barua ile niliisoma mimi.

Niliketi kwenye kiti cha Mama Atu, nikabonyeza vitufe vyote vitatu kwa mikono yangu mizima, nikaanza kusoma kwa madaha. Tatizo ni hili. Mama Atu alikuwa ameifundisha programu kwamba akitamka neno mkato, iweke alama ya mkato. Mimi shule niliyosoma kule Kisii alama hiyo tuliiita koma. Basi kila nilipofika kwenye alama nikatamka koma, na mashine, kwa utiifu wake wote, ikaandika koma. Kuisoma tena sikuisoma. Niliamini hakuna haja, kwa kuwa imeandikwa na mtaalamu. Nikabonyeza F12, kitufe pekee nilichokuwa nimefanikiwa kukiweka sawa kwa kufuata maelekezo ya ukurasa wa kwanza, ambacho huandika ule mwisho wa barua zake pamoja na jina lake. Nikaituma Kigoma.

Mjomba aliichapisha bila kuisoma, kwa kuwa si kazi ya mshenga kusoma posa. Ilifunguliwa mbele ya wazee wa ukoo wa Clementina, ikasomwa kwa sauti na shangazi yake, mama ambaye tuliambiwa baadaye kwamba hajawahi kuruka neno maishani mwake. Ilianza hivi: Mzee wetu mpendwa koma shikamoo. Ikaendelea: Tumeona ua zuri limechanua bustanini kwako koma nasi kwa heshima koma na unyenyekevu koma tunaomba kulichuma. Baba wa Clementina alivumilia mpaka koma ya tisa. Ya kumi akasimama, akauliza huyu kijana wa Durban ni nani hasa, anayeomba binti wa watu huku akimwamuru mzee mzima akome. Mkutano ukavunjika, na kitambaa cha maua kikarudishwa.

Nduwimana alipanda ngazi zetu Jumatatu saa nne asubuhi na ile barua mkononi, nakala aliyotumiwa na mjomba. Hakufoka. Aliiweka mezani, akasema Clementina amelia siku mbili, akakaa kwenye benchi. Ningefurahi kama angefoka.

Bwana Cyprian aliisoma yote amesimama. Chini kulikuwa na jina A. Mwasongole, na kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba imla imeshindwa. Nami nilipoulizwa nikasema mashine huenda ina hitilafu. Nilikuwa na wiki tano tu za majaribio zilizobaki, na niliogopa. Mama Atu alivaa miwani, akaisoma barua polepole tangu mwanzo hadi mwisho, akaikunja. Akasema barua imetoka na jina lake, kwa hiyo ni yake, na yeye ndiye atakayeirekebisha. Bwana Cyprian akampa mpaka Ijumaa. Alitaka aandike barua mpya ya Nduwimana mbele yake, peke yake, bila mtu mwingine kugusa kibodi. Asipoweza, mwisho wa mwezi ungekuwa mwisho wake. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula, nami si mtu wa kushindwa kula.

Siku tatu alihangaika na Kontroli, Shifti na D. Alijaribu kwa vidole, kwa kifundo, kwa kiwiko. Jumatano alikuja na mwiko kutoka nyumbani, akishikilia Kontroli kwa mpini na Shifti kwa kidevu. Bwana Cyprian alipita, akauona mwiko, akauliza leo tunakula nini.

Alhamisi asubuhi Mama Atu akaamua kuachana na vitufe ashughulike na lililokuwa linamuuma zaidi, ambalo ni alama. Alisema anataka kujua kwa nini mashine ilikataa kuweka mikato kwenye barua ile. Akaingia kwenye mipangilio ya programu, ambayo tulikuwa tumeiweka kwa Kiswahili, akapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka akakuta palipoandikwa Mikato. Akafurahi. Akafungua ili aone mikato yake imepatwa na nini. Kisha akaniita, akaniuliza kwa mshangao kwa nini humu mikato yote inaitwa Kontroli, na hili neno Badilisha lililo pembeni ya kila mmoja ni la nini.

Nilisimama nyuma ya kiti chake nikatazama. Ndiyo hiyo, mikato ya kibodi, yote kwa orodha, na kila mmoja ukiwa na neno Badilisha. Mimi mwenye cheti sikuwa nimewahi kuufungua ukurasa ule, kwa kuwa nilishajua kwamba haiwezekani. Yeye aliufikia kwa kutafuta alama za uandishi. Tulibofya Badilisha, programu ikatuomba tubonyeze kitufe tunachokitaka, naye akateremsha kifundo cha kidole cha kati juu ya F8. Kipaza sauti kikawaka. Akateremsha tena, kikazima. Aliwasha na kuzima mara kumi na nne, nilihesabu, kisha akakata kipande cha plasta aliyokuwa amefungia kidole chake akakibandika juu ya F8 ili akipapase bila kutazama. Kipande hicho bado kipo, ingawa rangi yake sasa haielezeki.

Ijumaa Bwana Cyprian aliketi upande wa pili wa meza. Nduwimana alikuwa kwenye benchi, na Grâce alisimama mlangoni akiwa ameficha mikono mgongoni ili isionekane amegusa chochote. Mama Atu akashusha kifundo, akaanza. Alisema mkato, akasema nukta, akasema aya mpya, na sauti yake ilikuwa ileile ya kufundishia. Katikati ya sentensi kuhusu ua na bustani, mlango ukabishwa hodi, akaingia mama mmoja mteja wetu wa zamani na shikamoo yake. Nilifumba macho. Mama Atu akagusa F8, akaitikia marahaba, akauliza hali ya watoto mmoja mmoja, akamwelekeza kiti, akagusa F8, akaimalizia sentensi yake palepale alipoiachia. Bwana Cyprian aliisoma barua mara mbili akitafuta marahaba. Hakuikuta. Akasema yeye anakwenda kuagiza keki ya Juni 2026, akatoka kwa haraka kidogo, na Grâce anaapa kwamba alikuwa anafuta macho.

Jibu la Kigoma lilikuja baada ya wiki tatu. Baba wa Clementina, kumbe, ni mtu wa mzaha akishapoa. Aliandika kwa mkono wake: Tumepokea barua yenu ya pili koma tumeielewa koma na kijana aje nyumbani tumwone koma lakini asije na huyo karani wake. Nduwimana na Clementina wako nasi leo, meza ile ya dirishani, na barua zote tatu wamezitia kwenye fremu.

Miaka minne iliyofuata Mama Atu aliandika barua nyingi kuliko ilivyokuwa kabla ya mikono kugoma. Alimwekea Grâce kitufe cha F10 kwa ile salamu ya mwisho ya Kifaransa ambayo huanza asubuhi ikaisha mchana, na Grâce anasema amepata muda wa kuongeza mtoto. Wazee kutoka ofisi nyingine za huku juu wamekuja kuwekewa mikato yao, wakaondoka na vipande vya plasta. Hasara ni moja tu, kwamba imla ilimwingia kwenye mazungumzo. Mwaka jana mkahawani aliagiza chai ya rangi mkato sukari kidogo nukta, na mhudumu wa Kizulu akamjibu sharp, yaani poa, akaileta sawasawa.

Mama Atu ametuachia meza safi, kibodi yenye plasta, na programu ambayo baada ya miaka minne inaisikia sauti yake tu. Mimi nikiisemesha inaandika mambo ya ajabu. Meza hiyo nimeirithi mimi, na ndipo nilipokaa Ijumaa iliyopita kuandika wasifu huu, hadi pale pa kukiri kuhusu posa. Nilidhani siri ile ilikuwa yangu peke yangu. Nilipanga nimwombe radhi hapa, mbele yenu, kisha nifunge kwa maneno yake mwenyewe, yale ambayo F12 imeyaandika chini ya barua zetu siku zote: Nakuombea mikono mizima na nyumba yenye amani, wako A. Mwasongole. Nikabonyeza F12. Kumbe kabla ya kukabidhi meza alikuwa amepita kule kwenye Mikato, akabofya Badilisha. Kitufe kiliandika hivi:

Zilpah mwanangu, nilijua tangu Jumatatu ile. Mimi husema mkato. Sasa jifunze kusoma barua mara mbili.

Nimeisoma mara mbili, kisha nikaisoma ya tatu. Sasa inabidi nifunge mwenyewe, kwa Kiswahili cha shule yangu, na mashine iandike inavyotaka:

Mama Atu koma asante koma kwa miaka thelathini na kwa ile minne. Sisi wa Kalamu Tatu tunakutakia safari njema ya Tukuyu koma mapumziko marefu koma na vidole visivyouma. Nenda ukiwa umemaliza.